Mzigo Ukiwa Juu: Usalama wa Mwendesha Winchi Huanzia Nyumbani

Kama unapika, unafua au unambembeleza mtoto alale, sogeza redio karibu kidogo. Leo hatuzungumzi juu ya malaria wala chanjo. Leo tunazungumza juu ya winchi.

Huenda ukajiuliza, winchi na afya vimekutania wapi? Nisikilize. Ukikaa Ganjoni huwezi kuziepuka mashine za kunyanyua mizigo. Hapo Mbaraki pana gati. Ukielekea Kilindini na Shimanzi utakuta magodauni na yadi za makontena. Na hapa mtaani penyewe nyumba kuukuu zinavunjwa, ghorofa zinapanda, na vyuma na mawe vinapandishwa kwa kamba juu ya vichwa vya wapita njia. Wanaoziendesha mashine hizi ni waume zetu, ndugu zetu, vijana wetu, na siku hizi hata mabinti zetu. Wanatoka nyumbani wazima, nasi tunataka warudi wazima.

Tumezoea kufikiri kwamba usalama wao ni kazi ya kampuni peke yake. Ni kweli kampuni ina wajibu mkubwa, na nitaueleza. Lakini kuna sehemu ya usalama huo inayotengenezwa nyumbani, katika usingizi, katika dawa, katika chakula, na katika maneno tunayomwambia mtu kabla hajatoka mlangoni. Hiyo ndiyo habari yetu ya leo.

Kwanza tufahamu ukubwa wa jambo lenyewe. Kontena la futi 20 likiwa tupu lina uzani wa zaidi ya tani 2. Likijazwa laweza kufika tani 30 kwa jumla. Gunia la mahindi la kilo 90 unalijua. Tani 30 ni zaidi ya magunia 330 yaliyofungwa pamoja na kuning'inizwa hewani. Kitu kama hicho kikiteleza hakuna mkono wa kukizuia.

Sasa fanya jaribio dogo hapo jikoni. Chukua ndoo yenye maji nusu. Ishike karibu na kifua. Unaweza. Kisha nyoosha mikono mbele na ndoo ile ile. Maji hayakuongezeka hata tone, lakini mabega yanatetemeka na mwili unataka kwenda mbele. Winchi nayo ni hivyo hivyo. Winchi inayoweza kunyanyua tani 20 mzigo ukiwa karibu nayo, mkono wake ukinyooshwa mbali huenda isimudu hata tani 5. Ndiyo maana ndani ya chumba cha mwendeshaji huwekwa jedwali linaloonyesha uzani unaoruhusiwa kwa kila umbali. Mwendeshaji mzuri hulisoma jedwali lile kabla ya kunyanyua. Hakisii.

Foklifti nayo ina tabia yake. Foklifti hugeuzwa kwa magurudumu ya nyuma. Ukiipakia kupita kiasi, mbele huinama na nyuma huinuka. Magurudumu ya nyuma yakiacha ardhi, usukani hauna kazi tena. Na ikianza kupinduka, silika humwambia mtu aruke nje. Hapo ndipo wengi hufa, kwa kuangukiwa na mashine yao wenyewe. Anayeendesha foklifti ya kukalia hufundishwa afunge mkanda, na ikipinduka abaki kitini, ashike kwa nguvu na aegemee upande usioangukia. Muulize wako nyumbani: "Je, wewe hufunga mkanda?" Ni swali dogo, lakini laweza kuokoa maisha.

Sasa tuje kwenye wajibu wa mwendeshaji. Kenya tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Sheria hiyo inasema mashine ya kunyanyua mizigo iendeshwe na mtu aliyefunzwa na anayeiweza, au mwanafunzi aliye chini ya usimamizi wa karibu wa mtu aliyehitimu. Inasema pia kwamba aliye chini ya umri wa miaka 18 asiajiriwe kuendesha mashine hiyo, wala kumpigia ishara mwendeshaji. Nalirudia hili kwa sababu ya vijana wetu. Mtoto wa miaka 16 anayeambiwa asimame pale achezeshe mkono kuelekeza winchi, yuko mahali ambapo sheria imemkataza. Akikuletea pesa alizopata kwa kazi hiyo, usifurahi kabla ya kuuliza.

Mwendeshaji ana kazi kabla hajawasha mashine. Huizunguka akaikagua. Hutazama breki, taa, honi, magurudumu, mafuta yanayovuja. Hutazama kamba za chuma kama nyuzi zimekatika, minyororo kama imenyooka kupita kiasi, na kulabu kama mdomo wake umepanuka au kifungio chake kimevunjika. Akiona kasoro huiandika na kuiripoti, na mashine haiguswi mpaka irekebishwe. Huo ni ukaguzi wa kila siku. Zaidi ya huo, mashine na vifaa vyake lazima vichunguzwe kwa vipindi maalumu na mtaalamu aliyeidhinishwa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 152 wa mwaka 1979, unaohusu kazi za bandarini, unataka uchunguzi kamili ufanywe angalau mara moja kila miezi 12.

Akishaanza kazi, ana mambo ya kushika. Ajue uzani wa mzigo. Tangu tarehe 1 Julai 2016 sheria za kimataifa za usalama wa meli zinataka kila kontena lililopakiwa lipimwe na uzani wake wa kweli uandikwe kabla ya kupandishwa melini, kwa sababu hapo nyuma watu walikuwa wakiandika uzani wa uongo. Afuate ishara za mtu mmoja tu, isipokuwa ishara ya kusimama. Ishara ya kusimama akiipiga mtu yeyote, hata mfagiaji, winchi isimame. Asipitishe mzigo juu ya watu. Asimbebe mtu juu ya uma za foklifti. Asiuache mzigo ukining'inia akaenda kunywa chai. Upepo ukizidi, asimamishe kazi. Na aziangalie nyaya za umeme, maana mkono wa winchi ukikaribia waya mkubwa, umeme huweza kuruka hata kabla ya kugusana.

Mama, labda unasema, "Haya yote ni ya huko kazini, mimi yananihusu nini?" Sasa ndipo nakuja kwako.

Yote niliyoyataja yanahitaji macho, masikio na akili iliyotulia. Jedwali halimsaidii mtu anayesinzia. Mwaka 2000 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio lao. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hadi 19 bila kulala hufanya kazi vibaya sawa na mtu mwenye kileo asilimia 0.05 katika damu, na wakati mwingine vibaya zaidi. Yaani huyo hakunywa hata tone, lakini mikono na akili yake ni kama ya mlevi. Basi hesabu: mtu akiamka saa kumi na mbili asubuhi, ashinde macho, kisha aingie zamu ya usiku, ikifika saa tano usiku amefikisha saa 17. Na zamu bado ndefu.

Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kwa siku. Anayetoka zamu ya usiku lazima alale mchana, na kulala mchana Mombasa si kazi rahisi. Kuna joto, kuna matatu, kuna fundi anayegonga, kuna watoto. Hapa msaada wako ni dawa kubwa kuliko ya chupa. Mpe chumba kilicho mbali na barabara kama kipo. Ning'iniza pazia zito au leso mbili pamoja ili giza liingie. Washa feni kama unayo, au fungua dirisha la upande wa upepo. Teremsha chandarua hata mchana, mbu wasimsumbue. Waambie watoto baba amelala, wachezee nje au kwa bibi. Wageni wanaobisha hodi uwapokee wewe barazani. Shida ndogo za nyumbani, kama bomba au karo, zisubiri mpaka aamke. Naye asaidie kwa kuzima simu na kuacha kahawa na chai ya rangi saa kadhaa kabla ya kulala.

Kuna wanaosema, "Mimi natafuna tu miraa au muguka, usingizi unakimbia." Usingizi haukimbii. Umefichwa tu. Majani hayo humfanya mtu ahisi yuko macho na jasiri ilhali mwili umechoka, na yakiisha nguvu uchovu huanguka wote kwa pamoja. Jasiri mwenye tani 30 mkononi ni mtu wa kuogopwa. Na pombe haina mjadala. Hata ile ya usiku uliotangulia huweza kuwa bado imo mwilini asubuhi.

Jambo jingine ni dawa, na hapa akina mama tunakosea bila kujua. Mume anapiga chafya, anatokwa na kamasi, nawe una Piriton ya mtoto au ya mwaka jana kabatini. Unampa kwa mapenzi. Dawa hiyo huleta usingizi. Baadhi ya dawa za kikohozi za maji, za maumivu makali na za wasiwasi ni hivyo hivyo. Ukimnunulia dawa mtu anayeendesha mashine, mwambie muuza dawa: "Huyu anaendesha winchi. Je, dawa hii inaleta usingizi?" Mara nyingi kuna nyingine isiyosinzisha.

Macho nayo. Mtu anayesogeza gazeti mbali ndipo asome, au anayejikwaa jioni, apimwe macho. Masikio pia, maana asiyesikia honi wala kelele ya kumwonya yuko hatarini. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au kifafa asiufiche ugonjwa wake kwa kuogopa kufutwa kazi. Aongee na daktari. Na kabla ya mwezi wa Ramadhani, anayetumia dawa za kisukari apate ushauri wa daktari mapema, maana sukari ikishuka mchana akiwa juu ya winchi, kichwa kitazunguka na mzigo utazunguka nacho. Anayefunga na hana ugonjwa, apate daku ya kushiba na maji ya kutosha usiku. Asiyefunga abebe maji. Katika chumba kile cha vioo jua huwaka, na mwenye kiu huchoka mapema.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi, ambalo ndilo hasa lililonileta hapa leo. Nalo ni neno "hapana".

Tutazame nyumba moja ya mfano. Baba ametoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi. Amelala saa tatu tu kwa sababu kulikuwa na msiba jirani. Jioni simu inalia. Msimamizi anasema mwenzake hakuja, meli inasubiri, aingie tena.

Anasema, "Mama watoto, wananiita tena. Nami macho yamejaa mchanga."

Hapo kuna majibu mawili. Jibu la kwanza tumelitoa wengi wetu, nami silaumu mtu: "Nenda tu baba watoto, kodi imefika, na mtoto amerudishwa kwa karo." Anavaa viatu vyake, anakwenda.

Jibu la pili ni hili: "Umelala saa tatu tu. Waambie hujapumzika, uingie kesho. Kodi tutazungumza na mwenye nyumba."

Jibu hili la pili lina gharama, najua. Ni pesa ya siku moja. Lakini mwanamume akijua nyumbani hataitwa mvivu wala mwoga, atakuwa na nguvu ya kusema hapana kazini. Akijua nyumbani kuna ugomvi unamsubiri, atanyanyua hata asichopaswa kunyanyua. Basi fanyeni hesabu ya mwezi kwa mshahara wa kawaida. Ovataimu ikija iwe ni baraka ya kuweka akiba, isipangiwe matumizi kabla haijaja. Ukishaipangia kodi, umeshamfunga mtu wako kwenye kiti cha winchi.

Na "hapana" hiyo ina sheria nyuma yake. Sheria ile ya 2007 inamtaka mfanyakazi amripotie msimamizi wake hali yoyote anayoamini kwa sababu za msingi kuwa ni hatari kubwa na ya karibu. Mwajiri haruhusiwi kumrudisha mfanyakazi hapo mpaka hatari iondolewe. Na aliyeondoka mahali kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba maisha yake yako hatarini, hafai kufutwa wala kuonewa kwa ajili hiyo. Akisumbuliwa, aende chama cha wafanyakazi au ofisi ya Idara ya Usalama na Afya Kazini, inayoitwa DOSHS, hapa Mombasa. Na anapokataa, akatae kwa heshima na kwa sababu: "Breki hii haishiki." "Mzigo huu haujapimwa." "Sijalala." Asiondoke kimya kimya. Aseme, na ikiwezekana aandike.

Tusiwasahau watoto, na tusijisahau sisi wenyewe. Watoto wa Ganjoni hupenda kutazama lori likishusha kontena. Wafundishe mambo matatu. La kwanza, mzigo ukiwa juu, hatupiti chini yake, hata kwa kukimbia. La pili, tukimwona dereva wa foklifti na hatuyaoni macho yake, basi naye hatuoni, kwa kuwa mzigo ulio mbele yake umemziba. La tatu, mpira ukiingia ndani ya uzio wa ujenzi au yadi, tunamwita mkubwa, hatuuruki uzio.

Na wewe mama unayeuza mahamri na mbaazi, chai au viazi karai kwenye lango la yadi, tafuta mahali pasipo njia ya foklifti, na pasipo mahali malori yanaporudi nyuma. Usiingie ndani kumpelekea mteja chai kwenye mashine. Aje yeye, mashine ikiwa imezimwa na uma zimeshushwa chini. Na mtoto uliyembeba mgongoni haonekani kabisa na dereva aliye juu.

Ikitokea ajali, Mungu atuepushie, mambo ni haya. Mashine isimame. Mtu asikimbilie chini ya mzigo uliolegea, maana waokoaji wengi huumia hapo. Pigeni simu ya dharura 999 au 112. Damu inayotoka ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Msimwinue wala kumkunja aliyeanguka au kubanwa mgongo, ila kama mahali hapo pana hatari nyingine. Msimpe chakula wala kinywaji. Kama amebanwa, kumbukeni ni tangu saa ngapi, mkawaambie wahudumu wa afya, maana muda huo hubadilisha matibabu. Na aliyegongwa akainuka akasema "niko sawa" apelekwe hospitali vivyo hivyo. Damu inaweza kuvuja ndani bila kuonekana nje.

Baada ya hapo, ajali iripotiwe. Kifo kazini lazima mwajiri akiripoti kwa DOSHS ndani ya saa 24. Kuna pia Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Madai yanatakiwa kupelekwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Kwa hiyo wewe uliye nyumbani weka mahali pamoja nakala za barua ya ajira, hati za mishahara, cheti chake cha kuendesha mashine, na karatasi za hospitali. Wajane wengi hushindwa kwa kukosa karatasi tu.

Kabla sijaondoka, nakuachia maswali matano ya kumuuliza mtu wako leo jioni, kwa upole, mkiwa mnakula. Umelala vya kutosha? Kuna dawa unayotumia? Mashine yako ilikaguliwa lini? Unajua uzani wa unachonyanyua? Na ukiambiwa unyanyue kisichofaa, utasemaje?

Swali hilo la mwisho akilijibu vizuri, mwambie neno moja tu: "Sema hivyo hivyo. Sisi tuko nawe." Mzigo usio salama mahali pake ni chini, na anayeuacha chini ametimiza kazi yake.

Kama jirani yako ana mtu bandarini au kwenye ujenzi, mpitishie maneno haya. Hadi tutakapokutana tena, nakutakia afya njema wewe na wote walio chini ya dari lako. Kwaheri.